Mkwe Wangu Anadaka Ngumi

Nanyala, Mbozi
Novemba 1952

Mpendwa Bwana Mshauri,

Kabla sijaomba msaada wako naomba radhi yako, kwa maana natambua kwamba meza yako imejaa barua za watu wenye taabu kubwa kuliko yangu, wake waliokimbiwa na waume zao na vijana waliokosa wachumba, nami ni mzee wa miaka sitini na minne, mgane tangu mke wangu Sekela aliponitangulia miaka mitatu iliyopita, mwalimu mstaafu wa shule ya misheni, na jambo linalonisukuma kushika kalamu ni ndondi, mchezo ambao sisi wa rika langu tulifundishwa kuuita ugomvi wenye kengele. Hata hivyo jambo hili likiharibika nitaondokewa na binti yangu, ambaye ni mtoto wangu wa pekee, na hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kukusumbua.

Binti huyo nitamwita Nesta na mumewe nitamwita Danford, ingawa si majina yao, na wengine wote nimewabadili vivyo hivyo ili nisimvunjie mtu heshima gazetini. Nyumba yao ni mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, na kila jioni Nesta huniletea chakula, huketi mpaka nimalize, hunieleza habari za mtoto wake, kisha huondoka na sahani. Danford ni kibarua katika kambi ya watengenezaji barabara, na hadi mwanzoni mwa mwaka huu alikuwa golikipa wa timu ya kambi, golikipa hodari sana, nami nilikuwa nikienda kila Jumamosi kumtazama, nikiketi juu ya kigoda changu nyuma ya goli lake, na mipira iliyompita katika misimu miwili naweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Lakini uwanja ule umemwagiwa kokoto za barabara, kilima kizima, na Bwana Msimamizi, ambaye ni Mwingereza mpole anayependa ndondi kuliko chakula, akasema basi watu wa kambi wacheze ngumi, akapanga kila mpiganaji apigane mara nne kabla ya Krismasi, akaahidi kwamba atakayeshinda angalau mara mbili ataandikwa kazi ya kudumu na wengine wataachwa barabara itakapofika Tunduma.

Danford amekwisha kupigana mara tatu, na ameshinda mara moja. Pambano la nne ni Jumamosi ya tarehe ishirini mwezi ujao, pale Tunduma, dhidi ya Barnaba, mbeba magunia wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mwenye shingo pana kuliko kichwa, na Danford ameniarifu kwa unyenyekevu kwamba akishindwa atakwenda migodini Kitwe pamoja na mke na mtoto, kwa kuwa hapa hatakuwa na kazi. Sikumlaumu. Nilimwambia ni uamuzi wa mtu mzima, kisha nikaenda nyuma ya nyumba kwa muda.

Naomba niseme kidogo juu ya desturi, ili usituhesabu kuwa watu wa zamani. Kwetu mtu aliyeoa hamtazami usoni baba wa mke wake; akikutana naye huenda pembeni, huchuchumaa, huinamisha macho, na kupiga makofi taratibu mpaka mzee apite. Mimi, kwa kuwa nimepata elimu, siku ya harusi nilisimama mbele ya wazee wote nikatangaza kwamba Danford nimemwondolea mzigo huo, kwamba anitazame na kunisalimu kama mwana anavyomsalimu baba yake, na wazee walinung'unika lakini mchungaji alinisifu. Kwa hiyo jambo hilo halimo katika shida yetu na nalitaja kwa ajili ya ukamilifu tu. Ni kweli kwamba siku moja, mwezi wa pili baada ya harusi, Danford alinisalimu akiwa amesimama wima, akanitazama machoni, nami nikakohoa, na uji niliokuwa nikinywa sikuumaliza; lakini kikohozi kilikuwa cha vumbi, na uji ulinuka moshi. Tangu siku hiyo amerudia kuchuchumaa kwa hiari yake mwenyewe, nami sikumkataza, kwa kuwa sipendi kumwingilia mtu katika adabu yake.

Sasa nieleze ndondi zenyewe. Pambano la kwanza lilikuwa Tunduma, nyuma ya maghala, katika ulingo wa kamba za katani, nami kwa umri wangu nilipewa kiti cha mbele kabisa, kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningegusa kamba. Danford aliingia akiwa na afya nzuri, akanitupia jicho, na kuanzia hapo, Bwana Mshauri, nikaona kwa macho yangu jinsi mchezo mmoja unavyoweza kumharibia mtu mchezo mwingine. Mikono yake ilishuka mpaka kiunoni. Macho yake yalitazama chini. Mpinzani wake, utingo wa malori, alipomrushia ngumi ya kushoto, Danford aliidaka kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani, akageuka kutafuta mwenzake wa kumrushia. Ilipokuja ngumi ya chini alijitupa ubavu mpaka sakafuni, na mwamuzi alipoanza kuhesabu, yeye aliinuka amekasirika.

"Unahesabu nini, bwana? Nimeokoa!"

Watu walicheka vibaya sana. Mama mmoja muuza togwa, Ketrina, alipanda juu ya debe akapaza sauti, "Kipa! Wewe, kipa! Mpira umetoka nje, rudi golini kwako!" Na wale wa upande wa Nakonde wakaitikia, "Iwe, wewe kipa! Ukamtafute refa akupe kona!" Mimi nilisimama mara kadhaa nikamwita ili kumtia moyo, na kila niliposimama alizidi kuinama.

Pambano la pili lilikuwa Msangano, nami sikwenda kwa sababu ya homa. Huko Danford alimwangusha mtu wake katika duru ya pili, na Boazi, anayewafundisha ngumi, koplo aliyerudi kutoka vita vya Burma, alikuja kunisimulia kitandani akirukaruka.

"Mzee, ungemwona! Macho mbele kama taa za lori! Ile mikono, sijui ameitoa wapi!"

Nilifurahi, lakini mimi ni mtu wa kupima mambo, nikaulizia, nikaambiwa kwamba yule mpinzani alikuwa amekula sana maharage mchana huo. Kwa hiyo ushindi ule sikuuwekea uzito.

Pambano la tatu lilikuwa Vwawa, na lori nililopanda lilitoboka gurudumu, nikafika duru ya pili imekwisha kuanza. Niliambiwa baadaye kwamba mpaka wakati huo Danford alikuwa akiongoza, na hata mwamuzi alikuwa amekwisha kumwonya mpinzani asikimbie-kimbie. Watu walinipisha, nikapita mbele, nikavua kofia ili kuwasalimu wazee wenzangu, na hapo Danford akaniona. Ndipo likatokea jambo ambalo mpaka leo linaniumiza. Alichuchumaa katikati ya ulingo, Bwana Mshauri, damu ikiwa mdomoni, akainamisha kichwa, akazigonganisha glovu zake taratibu, mara mbili, mara tatu, kama kipa anayejiandaa kupokea mpira wa chini. Yule mpinzani alishangaa mpaka akashusha mikono. Kisha akaona hakuna atakayemshtaki, akampiga.

Usiku huohuo nilianza daftari. Nimeandika kila tabia ya golikipa inayomdhuru bondia: kwamba kipa hutazama mpira miguuni mwa watu na bondia hana budi kutazama kifua cha mwenzake, kwamba kipa hufungua viganja na bondia hufunga, kwamba kipa akianguka husifiwa, kwamba kipa hupumzika mpira ukiwa mbali, na katika ngumi mpira hauwi mbali hata kidogo, kwamba kipa ana watu kumi mbele yake wa kumlaumu na wa kumsaidia, na bondia hana mtu. Kurasa kumi na mbili. Nilimpa Boazi azisome, akazisoma zote, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, haya ni ya kweli yote," kisha akauliza habari za magoti yangu. "Tunduma ni mbali kwa mtu wa magoti. Wewe ukae tu, sisi tutakuletea habari motomoto." Ni mtu mwenye huruma. Nesta naye ana huruma kama mama yake, juzi aliniambia, "Baba, Jumamosi ile nitakuchinjia kuku. Nitakupikia kabla hatujaondoka, nawe ukae ule polepole, ulale." Nilimwambia kuku nitamla nikirudi. Akatazama mlangoni.

Nimemwita Danford mwenyewe. Nikamwuliza, "Mwanangu, kuna kitu kinachokusumbua ulingoni?"

"Hakuna, baba."

"Niseme kweli, sauti yangu huisikii vema kutoka kwenye kiti. Je, nisogee karibu zaidi?"

Alivitazama vidole vyangu vya miguu. "Kama baba atakavyoona."

Basi mimi nimeona hivi. Nimekwenda kwa Bwana Msimamizi nikamwomba siku hiyo niwe ndani ya kona ya Danford, nimshikie taulo na maji, nimkumbushe kurasa zile kumi na mbili baada ya kila duru, uso kwa uso. Bwana Msimamizi amefurahi mno, amesema ni jambo zuri sana la kifamilia. Swali langu, nalo naliuliza kwa aibu kwa sababu ya umri wangu, ni hili: je, yafaa mtu wa heshima zangu kuonekana amebeba taulo? Au nimshauri aache ndondi kabisa, akatafute timu ya mpira Mbeya, na mimi nikubali kumwona binti yangu mara moja kwa mwaka? Sina mtu mwingine wa kumwuliza. Zamani ningemwuliza Sekela.

Niwie radhi kwa urefu wa barua na kwa mwandiko.

Wako mtiifu,
Baba Mkwe, Nanyala

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu wa Nanyala,

Radhi zako zote nimezipokea, na nyingine nakurudishia kwa kuwa zimezidi. Jibu hili nimekutumia kwa posta siku ileile niliyosoma barua yako, maana gazeti letu hutoka polepole kuliko ngumi za Barnaba. Hapa linachapishwa kwa faida ya wakwe wengine.

Nianze na daftari, kwa sababu umelifanyia kazi na linastahili jibu. Hayo uliyoyataja nimemsomea mtu aliyewafundisha askari ngumi kwa miaka minane, naye amesema hajapata kusikia maelezo bora kutoka kwa mtu ambaye hajapigwa. Tabia hizo ni za kweli, nazo huondolewa kwa mazoezi. Boazi amfumbatishe Danford punje moja ya kahawa kavu katika kila kiganja akifanya mazoezi, na kila inapodondoka arudie tangu mwanzo. Viganja vitajifunza kufunga. Amchoree alama ya chokaa kifuani mwa kila anayejipima naye, ili macho yapate pa kukaa. Ajizoeshe kuanguka na kuinuka kimya, bila kudai ameokoa. Wiki nne zinatosha kwa hayo, kama anacho kichwa cha kusikia, na ninaamini anacho.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, keti.

Tunduma ulikuwa mbele, akashindwa. Msangano ulikuwa kitandani, akashinda. Vwawa alikuwa akishinda mpaka ulipovua kofia. Wewe umefundisha watoto wa watu miaka mingi. Ni kitu gani kilikuzuia kujumlisha mpaka tatu? Ukatafuta maharage! Mtu wa Msangano angekula gunia zima, bado Danford angemwangusha, kwa sababu siku hiyo alikuwa huru kuinua macho yake.

Pale Vwawa hakuwa akipokea mpira wa chini. Alikuwa anakusalimu. Mwanaume mwenye damu mdomoni, mbele ya umati wote, kazi yake ikiwa imening'inia, mpinzani akiwa hatua mbili kutoka kwake, amechuchumaa na kugonganisha glovu kwa sababu baba wa mke wake ameingia. Nimesoma barua nyingi kwenye meza hii, mzee wangu, na wakwe wengi wamelalamikiwa hapa kwa ufidhuli. Wewe unalalamikia dhahabu.

Utaniambia ulimwondolea. Ulitangaza, ni kweli, na mchungaji akakusifu. Danford naye akakuamini, akasimama, akakutazama, na wewe ukakohoa na kuacha uji. Usiniambie habari za vumbi. Tangazo lile lilisikiwa na wazee. Kikohozi kilisikiwa na yeye, naye akajua ni kipi kati ya hivyo viwili kilichotoka moyoni. Amekaa chini tangu siku hiyo. Ukimuuliza hatakwambia, maana kukwambia ni kukukosoa, na kukukosoa ni kukutazama usoni. Hata ulipotaka kusogea karibu zaidi alikujibu "kama baba atakavyoona", na katika maneno hayo machache, kama ungekuwa na masikio ya mtu asiye mkwe, ungesikia mtu anazama.

Kila mtu anajua, ila wewe. Boazi anajua, ndiyo maana amekuwa daktari wa magoti. Nesta anajua, na kuku yule ni mwito wa mtoto aliyekatwa vipande viwili, baba upande huu na mume upande ule, asiye na namna ya kusema ila kupika. Na hata katika enzi za mpira ulijificha bila kujua: ulikaa nyuma ya goli. Alikuwa amekupa mgongo, akadaka kila kitu.

Siandiki haya kukuaibisha. Najua kwa nini unakaa mbele. Nyumba ni kimya, Jumamosi ni ndefu, na pale kwenye kamba kuna kijana mmoja ambaye unaweza kumwita mwanangu kwa sauti kubwa na watu wakasikia. Unampenda, naye anakupenda. Tatizo ni kwamba hapo ulingoni upendo wenu unamfunga mikono.

Basi fanya hivi. Taulo usilishike. Mwandikie leo Bwana Msimamizi kwamba umri haukuruhusu. Kwa mara moja uzee wako ufanye kazi yenye faida. Daftari mpe Boazi, alifanye la kwake, asilitaje jina lako. Usiende Tunduma kukaa mbele, wala nyuma, wala juu ya lori kwa mbali ukiwa umevaa koti la mtu mwingine; naandika hili kwa sababu najua limekwisha kukupitia kichwani. Kuku wa Nesta mkubali kwa maneno, leo, kabla hajauliza tena, na usimpe sababu yoyote. Atashukuru zaidi asipolazimika kujua kwamba unajua.

Wala usimwite Danford sasa ili umwondolee desturi mara ya pili. Mtu hawezi kubadili mikono na moyo katika mwezi mmoja. Aheshimu anavyoheshimu. Baada ya Krismasi, kama kweli unataka akutazame, utakuwa na miaka ya kumzoesha, taratibu, mkila pamoja, na kazi kubwa zaidi itakuwa yako.

Sikuahidi ushindi. Shingo ya Barnaba nimeisikia mpaka huku. Huenda Danford akashindwa kwa haki, na hapo Nesta ataondoka kwenda Kitwe na mtoto wake, nawe utalia. Lakini utawasindikiza ukijua kwamba aliyemwangusha mumewe alikuwa Barnaba.

Jumamosi ile asubuhi lori la kambi litasimama barabarani kuwachukua. Utataka kutoka kuwaaga, na litakuwa jambo la kawaida kwa baba yeyote. Usitoke. Akikuona atateremka, atachuchumaa vumbini mbele ya wenzake wote, na atakwenda Tunduma macho yakiwa chini. Kaa ndani, mzee wangu, mlango ukiwa umefungwa, mpaka mlio wa lori usisikike tena.